Jiwe Lisilobandikwa Kitambaa

Mpanda, Jumatano mchana

Leticia,

Barua huanza kwa kuuliza hali. Hali yako naijua. Asubuhi umekunywa chai kwa viazi vitamu viwili, umesema umeshiba, umeondoka kwenda Kashaulili kutafuta begi lenye zipu nzima. Hali yangu ndiyo hukuiuliza, kwa hiyo tuanze na hiyo. Nimeumia, mwanangu. Nimeumia na nimekasirika, na nimeona nisipoandika sasa hivi wakati hupo, kesho pale stesheni nitasema maneno ambayo behewa zima litayajadili mpaka Tabora.

Sitakufundisha kufua wala kula kwa wakati. Una miaka ishirini na moja, na hata ulipokuwa na kumi hukuwa unanisikiliza kwenye mambo hayo. Nataka nikueleze kwa nini nimekununia tangu Ijumaa, halafu nikueleze jambo jingine ambalo nimelikalia miaka kumi na mbili. La kwanza ni jepesi. La pili limenifanya nichane karatasi tatu.

Ijumaa nilikwenda mashineni kuchukua pumba za mpunga. Mzee Sospeter, ambaye ametupatia pumba za kupozea vioo vyetu tangu hujaanza shule, alinijazia magunia mawili, kisha akanishika mkono kama mtu anayetoa pole ya msiba.

"Mama Leti, utabaki mwenyewe sasa," akasema. "Ila siyo mbaya. Anaenda kwa mama yake mdogo, siyo kwa watu baki."

"Nani anaenda kwa mama yake mdogo?"

"Si Leti? Alipita hapa Jumatatu kuniaga. Kasema Kabula ana karakana kubwa ya vioo huko Mwanza, anamsubiria."

Nikasema, "Ahaa, ndiyo, Leti." Nikacheka kidogo, nikajifanya najua. Nilijitwika gunia moja nikaondoka, na nilipofika nyumbani ndipo nilipokumbuka kwamba yalikuwa mawili.

Mimi uliniambia unakwenda Tabora kusomea ushonaji. Nilikununulia mkasi, Leticia. Nilizunguka maduka yote nikauliza mkasi wa fundi, siyo wa kukatia karatasi, nikaujaribu kwenye pindo la khanga yangu mwenyewe. Ulipoupokea ulisema asante mama kwa sauti ndogo, nikadhani umeguswa. Kumbe ulikuwa unaona aibu. Angalau nashukuru uliona aibu.

Tangu Ijumaa nimekuachia nafasi. Nimekaa na wewe tukichambua mchicha, nimekaa na wewe tukitenga chupa, za soda huku na za bia kule, nikingoja ufungue mdomo. Jana nikakuuliza, "Huko Tabora utafikia wapi?" Ukaniangalia usoni ukasema, "Hosteli ya masista, mama." Hukupepesa hata jicho. Nilikwenda nyuma ya banda nikalia, kisha nikanawa, nikarudi kuwasha moto.

Kwamba unaondoka, sawa. Nilijua utaondoka siku moja, nami nilitoka Kasansa kwa baba yangu nikiwa mdogo kuliko wewe. Kwamba unakwenda kwa Kabula, hilo limenichoma. Na kwamba mwenye mashine ya mpunga aliagwa kabla ya mimi niliyekuzaa, hilo sijui hata nilitafutie jina gani.

Sasa hilo jambo la pili. Mwanzo wake unaujua, lakini nitaupitia, maana nimekusimulia mara nyingi na kila mara nimeruka mahali pale pale.

Baba yako alikuwa anayeyusha dhahabu ya wachimbaji wadogo. Alikuwa na feni lake la kupulizia mkaa na kile chungu kidogo cheusi kinachostahimili moto, ambacho alikipenda kuliko viatu vyake. Dhahabu ikitulia chini, juu yake hubaki takataka inayoganda kama kioo, ya kijani iliyokolea. Yeye aliitupa, mimi niliiokota. Feni lile likiwaka lilirusha karatasi zote za vipimo vyake banda zima, tunazikimbiza kama kuku, hadi siku moja nikaweka donge la ile takataka juu yake. Karatasi zikatulia. Ndilo jiwe la mezani la kwanza hilo, na lilikuwa baya, limejaa mkaa ndani. Afisa mmoja aliyekuja kukagua akaliona, akauliza kama naweza kumtengenezea zuri, kwa sababu ofisini kwake kuna feni la darini na hana amani.

Nilichukua mwaka mzima kujua zuri linatengenezwaje. Chupa nyeupe za soda zilipoyeyuka niliona ni safi. Nilipochanganya na za bia, jiwe lilipasuka lenyewe juu ya kabati, hakuna aliyeligusa. Baba yako akanicheka akasema chupa zangu zimegombana. Nilipasua mangapi kabla sijaelewa kwamba kila chupa husinyaa kwa namna yake ikipoa, na ukizilazimisha pamoja zinavutana ndani kwa ndani mpaka zinaachana. Magadi niliyagundua kwa bahati tu. Nilikuwa nayo mkononi napika mlenda, nikakimbilia moto, yakadondokea kwenye kioo cha moto pale kwenye ncha ya nondo ya kuchotea kioo. Kabla sijakasirika nikakifunika kwa kioo kingine, nikaona viputo vimejipanga ndani kama mvua iliyosimama. Baba yako alilishika jiwe lile kutwa nzima. Kazi yote ilisimama.

Alipofariki, mdogo wangu Kabula akaja kukaa nasi. Unamkumbuka alivyokuwa anakubeba mgongoni hata ulipokuwa na miguu mirefu ya kukokota chini. Nilimfundisha kila kitu. Nondo haiachwi kuzungushwa hata pua ikiwasha. Upawa wa mninga unaloweshwa kwanza ndipo kioo kilalie humo kipate uduara. Akanizidi, nakubali. Na alinizidi zaidi kwenye kupoza. Mimi sina subira, unanijua. Yeye alifukia jiwe kwenye pumba zinazoungua polepole, akaliacha siku tatu, wala hakulichungulia. Nikiuliza, "Bado tu?" alisema, "Dada, nje limeganda, ndani bado moto. Liache." Sikuambii kwamba watu ndivyo walivyo, mimi siyo mhubiri. Nakuambia alichokuwa anasema.

Mwisho kabisa tulikata duara la kitambaa cha kijani, tukalibandika chini ya jiwe ili lisikwaruze meza. Kabula alikata duara lile bila kupima.

Sehemu unayoijua ni kwamba aliondoka asubuhi moja bila kuaga, na chungu cha baba yako kikaondoka naye. Kwamba nilikaa miezi bila kazi mpaka nilipopata kingine. Kwamba baadaye nilikwenda ofisi fulani kugongewa muhuri, nikaona mezani jiwe lenye mvua ndani. Nikalichukua, nikaligeuza, nikakuta duara la kijani limekatwa kwa mkono ninaoujua. Yule bwana akaniambia, "Mama tafadhali, usiguse, hicho kimetoka Mwanza, ni cha msanii." Cha msanii! Mvua ile ni ya magadi yangu ya mlenda. Nilirudi nyumbani, na jioni nikakuambia wewe, "Mama yako mdogo ni mwizi." Nimekuambia hivyo miaka yote. Nilipokuwa na hasira nilisema hata mbele ya wageni.

Hiyo yote ni kweli. Sifuti hata neno. Lakini haikuanzia hapo.

Kwaya ilitaka zawadi ya kumuaga padri aliyekuwa anahamishwa. Walitaka jiwe kubwa, la kushikwa kwa mikono miwili, siku ya Jumapili. Tulilimwaga Alhamisi jioni, mimi na Kabula, na lilikuwa jiwe zuri kuliko yote tuliyowahi kutoa. Alilifukia mwenyewe. Ijumaa ikaja simu kwamba bibi yako anaumwa Kasansa. Kabula akaenda. Akiwa ameshapanda gari alitoa kichwa dirishani akasema, "Dada, lile kubwa linataka siku nne. Usilifukue mpaka nirudi Jumatatu. Waambie kwaya wasubiri, padri bado yupo wiki nzima."

Sikuwaambia wasubiri. Nilitaka lionekane Jumapili, kanisa likiwa limejaa. Nilitaka watu waulize nani kalitengeneza, nami nikiwa pale peke yangu. Hilo ndilo nililolitaka, na nimejificha mwenyewe muda mrefu nikidai nilikuwa nawahurumia kwaya.

Nililifukua Jumamosi mchana. Wewe ulikuwa na miaka tisa, ulinishikia beseni. Lilikuwa bado la moto, tukalibeba kwa magunia. Ulipoinama kuliangalia ukaniita mama kwa kilugha, kama ulivyokuwa unaniita enzi hizo, kwa kumwigiza bibi yako. Ulisema, "Mayu, hapa chini pana unywele."

Nikakuambia siyo unywele, ni mchoro wa ndani.

Ukasema, "Ni unywele, mayu. Kucha inakwama."

Nilipitisha kucha yangu. Ilikwama; ulikuwa ufa, mwembamba kama unywele. Nikakata kitambaa cha kijani, kikubwa kuliko kawaida, nikakibandika juu yake. Nikakuambia ufunge mdomo, usimwambie mtu, hata mama mdogo. Nikakupa kashata mbili.

Kilichotokea Jumapili kwenye ukumbi wa kanisa hukukiona, ulikuwa nje na wenzako. Jiwe liliwekwa mezani karibu na dirisha, jua likalipata, watu wakalisifu, nikajibu kwa unyenyekevu wa uongo. Halafu mtu akatua soda ya baridi juu yake, wakicheka kwamba hata soda inatulia. Likalia kama chupa iliyoanguka. Vipande viwili. Kiongozi wa kwaya alikuwa na kiganja chake pale pale, akashonwa nyuzi. Padri akasema ni ajali, tuendelee kula. Nilikusanya vile vipande nikavifunga kwenye khanga, sikula kitu.

Jumatatu kiongozi wa kwaya akaja na bandeji yake. Hakuja kwa ugomvi. Alisimama uani akauliza tu, "Mama Leti, hivi hili jiwe lilipozwa na nani?" Na wakati huo huo Kabula akaingia kutoka Kasansa, kilo kadhaa za mchele kichwani, vumbi mpaka kope. Alikuwa hajui lolote.

Nikasema, "Kupoza ni kazi ya Kabula. Siku zote ni kazi ya Kabula."

Hakuna uongo katika maneno hayo, ukiyaangalia moja moja. Niliyachagua.

Kabula alinitazama. Akatazama kule kwenye pumba, akaona zimefukuliwa. Akashusha mchele, akamwambia yule mama wa kwaya, "Pole sana, dada yangu. Nisamehe." Basi. Hakunisema mbele yake wala baada ya hapo. Nilingoja anisute usiku ule, nilikuwa nimejiandaa na majibu, akapika wali tukala. Wiki mbili zilizofuata kila aliyekuja kuagiza aliuliza kwanza, "Atakayepoza siyo yule mdogo wako?" naye yupo anasikia. Wiki ya tatu akaondoka na chungu.

Na wewe siku ile ya Jumatatu ulikuwa umesimama mlangoni. Ulinisikia. Ulikuwa unamalizia ile kashata ya pili.

Sijui kama unakumbuka. Miaka kumi na mbili nimekuchunguza usoni nione kama unakumbuka. Kuna siku ulikuwa kidato cha pili, ukapitisha kucha chini ya jiwe moja mara mbili, mara tatu, ukaniangalia. Kisha ukasema, "Liko safi, mama." Sijawahi kuthubutu kukuuliza ulikuwa unafikiri nini. Sasa ona nilivyo mtu wa ajabu. Nimekaa tangu Ijumaa nikijiuliza, mtoto huyu kajifunzia wapi kuniangalia machoni na kuficha? Nani kamfundisha? Nimewalaumu marafiki zako, nimelaumu simu, nimemlaumu Kabula. Jana nikiwa nyuma ya banda nikakumbuka kashata.

Usidhani basi kwamba nimekusamehe. Bado. Ulikuwa na siku nyingi za kuniambia ukaniacha ninunue mkasi. Ungesema, "Mama, naenda kwa mama mdogo, utake usitake," ningepiga kelele, ningevunja sahani, pengine ningekaa siku mbili sisemi na wewe, lakini ningeambiwa. Nina haki ya kukasirika na nitakasirika kwa muda wangu, usinisukume. Hata Kabula sijamsamehe chungu cha baba yako. Kilikuwa cha mume wangu, alikuwa na njia nyingine za kuniumiza. Na ile mvua ni yangu. Akikuonyesha jinsi ya kunyunyiza magadi kama kitu alichobuni yeye, usibishane naye, ila ujue.

Lakini utafika kwake, na siku moja mkiwa mmekaa mnangoja kioo kiive atakueleza upande wake. Au hatakueleza, kwa sababu Kabula anaweza kunyamaza mpaka kaburini, na hilo linanitisha zaidi. Nilitaka ulisikie kwangu kwanza. Kama ulikuwa unakumbuka, basi sasa unajua nami nakumbuka, na hukuota. Ulikuwa unywele. Uliuona vizuri, mimi ndiye niliyekuambia macho yako yanakosea. Katika yote niliyoharibu kwenye kazi hii, na nimepasua vioo vya kujaza lori, hilo ndilo ninaloliona kila nikiinama kwenye pumba.

Ukimsalimia Kabula, usimpelekee maneno marefu. Mwambie, "Dada yako anasema alifukua Jumamosi." Ataelewa. Kama atalia au atageuka aendelee na kazi yake, usiniletee habari, hilo ni lake.

Mkasi uchukue. Sitaki kuuona hapa.

Kuna ndoo ya bati ya rangi yenye mfuniko karibu na begi lako, imejaa majivu ya pumba. Usiifungue nyumbani, usiifungue kwenye treni hata ukichoka vipi. Ndani yake kuna jiwe. Wale jamaa wawili wa kanisani, vile vipande, nimewahifadhi sandukuni muda wote huu, kwenye ile ile khanga, na juzi nimewatia chunguni. Havikutosha vipande viwili peke yake, sehemu nyingine ilisagika vumbi vumbi, kwa hiyo nikaongeza chupa za soda za siku hizi. Chupa za sasa siyo za wakati ule. Sijui kama vitapatana. Nimezungusha nondo mpaka bega likafa ganzi, nimetia magadi, nimelifukia na sijalichungulia, mimi mama yako nisiye na subira. Leo asubuhi nilipitisha mkono juu ya majivu, yana uvuguvugu bado. Ukifika Mwanza siku nne zitakuwa zimetimia. Lifukueni pamoja, wewe na yeye.

Chini sijabandika kitambaa. Ligeuze, upitishe kucha taratibu, mahali pote, hata pembezoni. Ukikuta kucha inakwama, usilifunike, usinihurumie. Nipigie mimi kwanza uniambie, "Mayu, pana unywele."

Safari hii nitasema ndiyo, mwanangu, upo.

Mama yako,
Minza